Nusu Namba ya Mjomba

Karakana ile ya miwani ilikuwa na watu wanne, mashine sita na kichwa kimoja, na kichwa chenyewe kilikuwa cha mwanamke waliyemwita Fomula. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila bosi alilisahau siku ya pili tu ya kazi na hakuna aliyemkumbusha. Fomula alikaa chumba cha nyuma, kati ya kabati la fremu na sinki la kuoshea lenzi, na kazi yake ukielezwa juu juu utadhani ni mchezo. Daktari wa macho anaandika karatasi: mgonjwa huyu avae namba nne. Msagaji wa lenzi hajui nne ni mdudu gani. Yeye anataka aambiwe kitu kimoja, uso wa lenzi auviringishe kwa milimita ngapi. Fomula ndiye aliyekaa katikati yao akiigeuza namba ya daktari kuwa namba ya msagaji, miaka kumi na saba mfululizo, na mtu asikudanganye, bila yeye wangekuwa wanasaga visosi.

Alijua hilo, na alihakikisha wenzake nao wanalijua.

"Vumbi," alikuwa akimwita msagaji, maana yule bwana kuanzia nyusi hadi viatu alikuwa mweupe kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga, "leo umeshanishukuru?"

"Nikushukuru kwa lipi, dada?"

"Kwa kukufanya uonekane fundi."

Vumbi alicheka mpaka barakoa ikamshuka shingoni.

Sasa nikupe siri ya mjini. Hesabu ile Fomula hakuipiga kwa kichwa chake. Aliyeanzisha karakana, mzee waliyemwita Mwalimu, ndiye aliyeitengeneza ndani ya programu ya majedwali ya kompyuta. Programu ile ina fomula zake za kuzaliwa nazo, za kujumlisha, za kutafuta wastani na kadhalika. Ya kusaga lenzi haina. Walioiunda hawakuwa wasaga lenzi, wangejuaje? Basi Mwalimu akaandika fomula yake mwenyewe, akaiita MKUNJO, akaifungasha kwenye programu jalizi, yaani faili dogo unalolipachika kwenye ile programu kubwa kama unavyopachika kichwa kingine kwenye drili. Ukishalipachika, unaandika MKUNJO, kwenye mabano unaweka namba ya daktari, na jibu linakuja lenyewe. Mtindo wa zamani huo, wa enzi ambazo kompyuta ilikuwa na mgongo mnene kama jiko. Mimi niliyeagana na darasa mapema nimeuelewa, kwa hiyo wewe mwenye vyeti usinikunjie uso.

Mwalimu alipostaafu na kuhamia mbali kwa binti yake, aliacha flashi moja na karatasi moja. Kwenye karatasi aliandika kwa mkono lenzi kumi na majibu yake, na chini akapiga mstari mara mbili: "Kila mkibadilisha kompyuta, pigeni hesabu za hizi kumi kwanza. Moja ikikataa, msisage chochote." Karatasi ikaenda kukaa kwenye droo, chini ya risiti za zamani na chaja zisizojulikana ni za nini.

Kompyuta ilibadilishwa Jumatatu moja. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kunguruma, bosi akaleta mpya, na pamoja nayo akaja fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye haraka ambaye hata kiti alikikataa. Alipakia kila kitu, akafungua jedwali la karakana, na kila palipotakiwa kuwa na jibu pakaandikwa alama ya reli na swali. Kompyuta haikulitambua jina MKUNJO.

"Inakosa ile programu jalizi yenu," fundi akasema. "Unayo?"

"Ninayo kwenye flashi."

"Basi nisikilize. Programu mpya hazipendi vitu hivi vya zamani, na zina haki, maana ndani yake mna makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, na makro inaweza kuandikwa na mtu yeyote, hata mwizi. Tengeneza folda moja tu. Humo weka faili lako baada ya kuhakikisha ndilo lenyewe. Halafu kwenye mipangilio ya usalama uiambie programu iiamini folda hiyo peke yake. Usije ukaruhusu makro zote. Ukiruhusu zote umeondoa mlango, hujafungua kufuli. Tumeelewana?"

"Dada yangu, mimi nilianza haya mambo wewe ukiwa bado unatafuta kitufe cha kuwashia."

"Haya, mkongwe," fundi akasema, na akaondoka zake.

Kwenye meza kulikuwa na karatasi ishirini na mbili za madaktari, na Vumbi alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Fomula alichomeka flashi. Ndani mlikuwa na mafaili mawili. Moja liliitwa "mkunjo_mwisho". Lingine liliitwa "mkunjo2b". Wewe ungechagua lipi? Hata yeye alichagua hilo. La mwisho si ndilo la mwisho? Programu ikalikataa, ikasema limezuiwa kwa usalama. Akaingia kwenye mipangilio kutafuta habari za folda, hakuziona upesi, ila aliona pa kuruhusu makro zote, pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba haishauriwi. Akaruhusu. Majibu yakamwagika kwenye jedwali kama maharage kutoka kwenye debe.

Karatasi ya lenzi kumi ilimjia akilini, tusimwonee kwa kusema ilimtoka. Ilimjia, akaitazama droo, akasikia Vumbi anakohoa kwa makusudi, akasema moyoni, nitazipiga mchana. Mchana ukafika na mambo yake.

Kwa kawaida lenzi ikishasagwa hupimwa kwenye mashine ya kupimia kabla ya kutoka, na kosa lingedakwa palepale. Ila mashine ile ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, spea zinasubiriwa, na bosi alikuwa ameshasema wasisimamishe kazi kwa sababu Fomula hakosei. Fomula mwenyewe alikuwapo bosi aliposema hivyo, na hakupinga.

Katika zile karatasi ishirini na mbili, moja ilikuwa ya mjomba wake.

Mjomba huyu, mdogo wa mama yake, alikuwa fundi saa. Alikuwa na kibanda chenye dirisha moja pembeni ya duka la viatu, na meza iliyojaa vibano, skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, na saa za watu zilizofunguliwa matumbo. Alishafanyiwa upasuaji wa macho zamani, ule wa kutoa lenzi ya jicho bila kurudisha nyingine, kwa hiyo alivaa miwani minene ya namba kumi na moja, macho yakaonekana makubwa kama ya bundi. Watoto wa mtaani walimwita Sekunde. Yeye aliwajibu kwamba Sekunde ni jina la heshima, ingekuwa aibu kuitwa Saa Nzima.

Miwani yake mpya Fomula alimpelekea mwenyewe.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea macho."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nivishe, nione kama kweli wewe ni mzuri au mama yako alikuwa ananidanganya."

Akavaa. Akashika kibano, akainamia saa moja ya mkononi, akakaa hivyo kwa muda. Akavua, akaifuta kwa shati, akavaa tena.

"Mbona kama kuna ukungu?"

"Ni mpya hiyo, mjomba. Macho yamezoea mikwaruzo ya ile ya zamani. Utazoea."

"Eti nitazoea," mjomba akacheka. "Hata mke wangu aliniambia hivyo kuhusu mama yake."

Wiki ya kwanza alisogeza meza karibu na dirisha. Wiki ya tatu alinunua taa. Mwezi ulipokwisha, Fomula alipita kibandani akamkuta amepiga magoti sakafuni, anapapasa, anatafuta skrubu iliyokuwa mbele ya goti lake. Fomula akaiokota, akamwekea kiganjani. Mjomba akasema asante, na hakutania, na kwa mtu kama yule kutotania ilikuwa kama mtu mwingine kuangua kilio. Kisha akaharibu saa ya mteja. Kibano kiliteleza, kikakata waya mwembamba kama unywele ulio ndani ya moyo wa saa. Mteja hakugomba, alisema tu, "Uzee huo mzee wangu, pumzika." Neno hilo lilimwingia mjomba kuliko tusi.

Miwani ile ya zamani angeirudia, lakini lenzi moja ilikuwa na ufa, ndiyo sababu ya kuagiza mpya.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, mashine ya kupimia ikarudi, imefungwa kwa sponji kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Kuijaribu, Fomula akachukua lenzi ya namba kumi na mbili iliyokuwa ikisubiri fremu. Mashine ikasema kumi na moja na nusu, ikashuka kidogo. Akasema hawakuitengeneza vizuri. Akachukua ya namba moja, ikasoma moja, upungufu haukuonekana. Akachukua ya namba kumi, ikasoma tisa na nusu. Akavuta droo, akatoa karatasi ya Mwalimu, akapiga zile lenzi kumi, na zote kumi zikakataa.

Alifungua ile programu jalizi, akasoma mistari ya Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Kumbe "mkunjo_mwisho" lilikuwa la mwisho la enzi za lenzi za kioo. Mwalimu alipohamia lenzi za plastiki alianza faili jipya, akaliita mbili bi, jambo la akili kwake na la balaa kwa wengine. Plastiki hupinda mwanga kidogo kuliko kioo, kwa hiyo yafaa iviringishwe zaidi. Ukiisaga plastiki kwa hesabu ya kioo inatoka hafifu. Kwenye namba ndogo hakuna anayejua. Kwenye namba kumi na moja, nusu namba nzima imekwenda, na mwenye macho anabaki gizani akijilaumu.

Saa ile ile alirekebisha. Akafunga ile ruhusa ya makro zote, ambayo kwa miezi miwili iliacha kompyuta haina mlango, na ni bahati tu hakuna aliyepita. Akatengeneza folda moja, akaweka humo mkunjo2b peke yake, akaiambia programu iiamini folda hiyo na nyingine hapana. Akalifanya faili liwe la kusoma tu, lisihaririwe na mkono wa mtu. Lile la kioo akalihamisha na kulipa jina linaloeleweka. Akapiga zile kumi, zote zikakubali. Ilimchukua dakika arobaini kufanya kila kitu alichoshindwa kukifanya ile Jumatatu kwa sababu Vumbi alikohoa.

Kisha akafungua orodha ya miezi miwili. Miwani mia na kitu. Zenye namba kubwa, ambazo nusu ingeuma kweli, zilikuwa kumi na moja. Akaandika majina na namba za simu kwenye kikaratasi, akakikunja, akakitia kwenye sidiria kama mtu anayeficha barua ya hawara.

"Mashine imepona?" bosi akauliza akipita.

"Imepona."

"Na kazi zetu?"

"Ziko sawa," akasema. Akimaanisha za kuanzia leo. Bosi akapiga meza kwa furaha, akasema si alisema, Fomula hakosei. Tangu hapo chakula kikamshinda. Nyumbani mumewe aliuliza kama anaumwa, akasema tumbo. Akiwa njiani alimtazama kila mwenye miwani minene anayevuka barabara, akahesabu hatua zake, akaona kila anayesita kwenye ukingo kama amemsukuma yeye.

Mpango aliobuni ni huu, na usicheke, wewe na mimi tungebuni mbovu zaidi. Atamsagia mjomba lenzi mpya, sahihi. Ataenda kibandani, aombe miwani aisafishe, abadilishe lenzi kwenye fremu ile ile, mjomba avae, aone, amshukuru Mungu. Hao wengine kumi atawafikiria baadaye. Vumbi akasaga, ila alimtazama.

"Hii si ya mjomba wako? Alishachukua."

"Ya akiba."

"Aha," Vumbi akasema, na neno hilo moja lilimfuata Fomula hadi kituoni.

Jumamosi asubuhi alifika kibandani na lenzi kwenye pochi. Akakuta mlango wazi na fundi simu wa mtaa wa pili amechuchumaa mbele ya meza, boksi liko wazi, anapanga humo vibano vya mjomba kimoja kimoja. Kikuzio cha jicho, kile cha kufinywa kwenye jicho la kulia, kilikuwa tayari ndani. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, upande ambao Fomula hajawahi kumwona amekaa.

"Karibu, mwanangu. Umekuta nagawa urithi nikiwa hai."

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Ninastaafu. Huyu jamaa ana macho, mimi nina hadithi. Tumegawana."

Fundi simu akasema kwa adabu, "Shangazi, mzee ameamua mwenyewe. Mimi sikumlazimisha."

Fomula akanyoosha mkono. "Mjomba, nipe miwani niisafishe kabla hujamalizana naye. Ina uchafu."

Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akawapa mgongo, akang'oa lenzi na kupachika nyingine. Akarudi, akamvisha. Mjomba akapepesa macho. Akaangalia kuta, akaangalia mkono wake mwenyewe, akanyoosha mkono kwenye boksi akachukua saa iliyofunguliwa. Akaisogeza karibu. Akaigeuza upande wa dirisha.

"Naona meno ya gurudumu," mjomba akasema polepole. "Naona hata lililovunjika."

"Umeona!" Fomula akaruka. "Basi mjomba, mwambie arudishe vitu."

Mjomba akaiweka saa chini taratibu, akavua miwani.

"Leo naona. Kesho je? Juzi pia kulikuwa na jua zuri nikaona kidogo, nikajidanganya, nikaharibu saa ya watu. Jicho likishaanza kukuchezea, mwanangu, siyo la kuamini na mali ya mtu mwingine. Endelea kufunga, kijana."

Fundi simu akaendelea kufunga. Kibano cha mwisho kikaingia. Akachukua gundi ya karatasi, akavuta utepe, ukalia ule mlio wake.

Fomula alitaka kuvaa miwani ya mbao hadi mwisho. Alitaka sana. Alikuwa na maneno tayari, ya daktari mwingine, ya matone ya macho, ya kusubiri wiki moja. Aliyatazama yale maneno akaona hakuna hata moja litakalomfanya mjomba aamini macho yake tena. Lililobaki lilikuwa moja tu, na hilo lingemvua nguo mbele ya fundi simu.

"Siyo macho yako," akasema.

"Nini?"

"Miwani niliyokupa ilikuwa mbovu. Niliweka faili lisilo lenyewe kwenye kompyuta. Kulikuwa na karatasi ya kupimia, sikupima. Ikatoka kumi na nusu badala ya kumi na moja. Sasa hivi hapo mlangoni nimebadilisha lenzi. Nilitaka usijue."

Utepe wa gundi ulibaki umening'inia. Fundi simu alijifanya anasoma maandishi ya boksi.

"Umejua lini?" mjomba akauliza.

"Jumanne."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo, mjomba."

"Jumatano ulikuja hapa ukanywa chai yangu."

Machozi yalikuwa yameshamfika Fomula kidevuni, lakini mjomba hakumwambia nyamaza, kama alivyomwambia siku zote tangu akiwa mdogo.

"Unajua nilikuwa nafanya nini nikifika nyumbani?" mjomba akasema. "Nilikuwa nafumba macho, natembea toka mlangoni hadi kitandani. Nafanya mazoezi ya upofu. Mke wangu ananiangalia, analia jikoni. Kosa la kompyuta nakusamehe leo hii, hata mimi nimeshafunga saa nikasahau skrubu nje. Lakini uliniona nimepiga magoti hapo, ukaniokotea ile skrubu, hukujiuliza kitu. Na ulipojua, ukaninyamazia. Hilo sijui nitalifanyaje. Nitakwambia nikijua."

Akageuka kwa fundi simu. "Kijana, samahani, rudisha vitu mezani. Kimoja kimoja, kama ulivyovitoa."

"Hakuna shida, mzee," fundi simu akasema, na masikini alikuwa na sura ya mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Mjomba akavaa miwani, akarudi upande wake wa meza, akavuta kiti.

"Wangapi wengine?"

"Kumi."

"Bosi wako anajua?"

"Bado."

"Simu unayo. Anza na yeye, halafu hao kumi. Kaa hapo kwenye kiti cha wateja. Mimi nina saa ya kutengeneza."

Fomula alikitoa kile kikaratasi kifuani. Bosi alipiga kelele hadi fundi simu akasikia, kisha akasema waambie waje wote, tutawasagia upya, wewe na mimi tutaongea Jumatatu. Mtu wa kwanza kwenye orodha hakupokea. Wa pili alimtukana, akakata. Mjomba muda wote ule alikuwa amempa mgongo, kikuzio kikiwa jichoni, kibano hakitikisiki.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Fomula alijitambulisha, akaeleza kuhusu faili, akaeleza kuhusu lenzi, akasema kosa ni langu mimi, siyo la karakana. Halafu yule mama akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikia vibaya:

"Kwa hiyo si macho yangu?"

Fomula akageuka akamtazama mjomba, simu bado iko sikioni.

"Mjibu," mjomba akasema bila kugeuka.